Tulilifuta kwa dakika nne

Mkono wangu ulikuwa wa pili kunyooka.

Ilikuwa ajenda ya saba, ule wakati wa kikao ambapo watu huanza kuchungulia simu chini ya meza. Mwenyekiti alisoma: somo la COBOL, ile lugha kongwe ya kuandikia programu za kompyuta, liondolewe kwenye mtaala wa mwaka wa pili, nafasi yake ichukuliwe na uchambuzi wa data kwa Python, lugha inayopendwa siku hizi. Akauliza kama kuna mwenye neno. Mzee mmoja wa idara yetu, amebakiza mwaka mmoja astaafu na ndiye pekee aliyekuwa bado analifundisha kwa hiari yake, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha usoni. Hakusema kitu. Tukapiga kura. Dakika nne, labda tano, tukawa tumeingia ajenda ya nane, iliyohusu projekta mbovu. Hiyo ilitukalia nusu saa.

Nilitoka pale nimeridhika. Somo lenyewe lilikuwa limekufa zamani, sisi tulikuwa tunazika tu.

Leo ni wiki ya sita, na ile miwani bado naiona.

## Sababu nilikuwa nazo

Msije mkadhani nilinyoosha mkono kwa kufuata mkumbo. Wanafunzi walikuwa wanalikimbia somo hilo. Anayetafuta kazi ya kwanza husoma matangazo ya kazi, na asipoiona COBOL hata mara moja huwezi kumlaumu akisinzia.

Tena najua linavyofundishwa, kwa kuwa niliwahi kulifundisha mihula mitatu. Nililifundisha vibaya. Nilikuwa naandika ubaoni zile sehemu nne, IDENTIFICATION, ENVIRONMENT, DATA na PROCEDURE, wao wananakili, kisha tunaingia maabara kumsaka aliyesahau nukta. Safu 6 za kwanza za kila mstari ni za namba ya mstari. Ya 7 ni ya alama. Ya 8 hadi 11 zina kazi yake, ya 12 hadi 72 zina kazi yake, na ukivuka 72 kompaila, ile programu inayotafsiri ulichoandika kwa lugha ya mashine, haikusomi tena. Hizo ni kanuni za kadi za kutoboa, zile karatasi ngumu ambazo programu iliandikwa kwa matundu, zenye safu 80, vitu ambavyo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuvishika. Mtu akiuliza, "Kwa nini 72, Mwalimu?" nilikuwa namjibu kwa historia, na kufikia katikati ya historia hiyo darasa zima limeshaondoka kichwani.

Halafu kuna dharau, ambayo tuliirithi. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, msomi maarufu wa kompyuta, aliandika kwamba kutumia COBOL kunalemaza akili, na kwamba kuifundisha kungestahili kuhesabiwa kosa la jinai. Wasomi wakacheka, na kicheko hicho tukakipokea pamoja na shahada zetu. Lugha yenyewe ilizaliwa mwaka 1959 kwenye kamati ya watengenezaji wa kompyuta na watumiaji wa serikali ya Marekani, ikijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kazi ya Grace Hopper, mmoja wa waanzilishi wa lugha za kompyuta. Wasomi wa vyuo hawakuwa na kiti cha maana kwenye meza ile, na vyuo havikuwahi kuipenda. Viliifundisha kwa ajili ya waajiri. Waajiri walipoacha kuiulizia, ikakosa wa kuisemea.

Lugha zilizokuwa na wapenzi nazo zimeondoka. Pascal ya Niklaus Wirth, ya mwaka 1970, iliundwa ikilenga kufundishia. Mtihani wa AP wa kompyuta kule Marekani, wa wanafunzi wa sekondari wanaosoma kwa kiwango cha chuo, ulianza nayo mwaka 1984. Ikadumu hadi 1998, ikapokewa na C++, na kufikia 2004 zamu ikawa ya Java. Mwaka 2014 mtafiti Philip Guo alipozipitia idara 39 za kompyuta zinazoongoza nchini humo, alikuta 27 zinafundisha Python kwenye masomo ya utangulizi. Kila zamu ilikuja na sababu nzuri. Na sisi tulikuwa nazo.

Kabla sijaendelea: huwa tunasema tunaondoa lugha "za kizee". C ni ya 1972 na hakuna anayethubutu kuigusa. Python imetoka 1991, imeitangulia Java kwa miaka minne. Umri haukuwahi kuwa hoja, ila unapendeza kuutaja kwenye kikao.

## Mistari mitatu

Wiki mbili baada ya kura ile, kijana niliyemfundisha miaka ya nyuma aliniandikia. Yuko kwenye shirika moja lenye wateja wengi na ada za kila mwezi, inatosha kusema hivyo. Aliajiriwa kuandika Python. Wakamwagiza atengeneze ripoti mpya ya madeni, itakayotoka katikati ya mwezi badala ya kusubiri mwisho wake. Ripoti ikawa inaonyesha maajabu: watu wenye salio safi kabisa wana deni la ada.

Akafuatilia hadi chini, akaikuta COBOL.

"Shikamoo Mwalimu, naomba dakika zako mbili," aliandika. Majina yote alikuwa ameshayabadilisha:

```
           IF SALIO < 0
               MOVE 'D' TO HALI.
               ADD ADA TO DENI.
```

Alikuwa amekaa na mistari hiyo siku mbili.

Nikaisoma. Salio likiwa chini ya sifuri, weka alama ya D, kisha ongeza ada kwenye deni. Sikuona tatizo. Nikamjibu kwa ule uhakika wa mwalimu kwamba kosa haliko hapo, akalitafute kwenye faili linaloleta salio. Nikazima kompyuta, nikaenda kulala.

Saa nane usiku nikakaa kitandani.

Nukta.

Kwenye COBOL ya zamani nukta ndiyo inayolifunga sharti. END-IF, neno la kulifunga waziwazi, ilikuja na toleo sanifu la mwaka 1985, na wengi waliendelea kuandika walivyozoea. Ile nukta iliyo baada ya HALI imeifunga IF palepale. Mstari wa tatu haumo tena ndani ya sharti: unamkuta kila mteja, mwenye salio zuri na mwenye salio baya. Umesogezwa kulia, umekaa sawia chini ya mwenzake, kwa macho ni ndugu. Kwa kompaila ni sentensi nyingine kabisa.

Nikampigia asubuhi. "Iondoe hiyo nukta," nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyepoteza siku mbili.

## Macho yangu

Yeye kutoiona nukta hakukunishangaza. Hajawahi kuisoma lugha hiyo. Mimi nimeisoma, nimeifundisha, nimewakata watu alama kwa sababu ya nukta hiyohiyo, na bado nilipita juu yake kama mtu anayepita juu ya ufa wa sakafu.

Nimefikiri sana ni kwa nini. Nadhani ni Python. Kwenye Python nafasi za mwanzo wa mstari ndizo sheria: ukisogeza mstari kulia uko ndani ya sharti, ukiurudisha umetoka. Kwa miaka mingi nimewazoeza wanafunzi kuamini kwamba umbo la ukurasa linasema kweli. Macho yangu yalikuwa yanahudhuria darasa hilohilo. Nikakutana na lugha ambayo kusogeza mstari ndani ya eneo lake ni urembo tu, nikadanganywa na urembo.

Wala si ugonjwa wa COBOL peke yake. Februari 2014 Apple ililazimika kutoa haraka marekebisho ya usalama kwa sababu ya mstari mmoja wa C, `goto fail;`, uliokuwa umerudiwa mara mbili. Ule wa pili ulisogezwa kulia kana kwamba uko chini ya sharti, wakati haukuwa chini ya kitu chochote. Programu ikawa inaruka hatua ya kuhakiki saini kwenye mawasiliano ya siri. Jicho lilisoma umbo, mashine ikasoma maneno.

Mwalimu aliyenifundisha COBOL mimi alikuwa na tabia tuliyomcheka nayo bwenini. Alikuwa anasoma programu kwa sauti. Mstari kwa mstari, taratibu, kama anayeimlia barua, na kila alipofika kwenye nukta aliitamka: "nukta". Aliitamka kwa uzito, na kidole kikigonga meza. MOVE sifuri TO JUMLA, nukta. Tulimwigiza hadi kwenye foleni ya chakula.

Nimechelewa kuwaambia: ndiye yule mzee wa miwani.

## Kelele za herufi kubwa

Somo la data lililochukua nafasi ya COBOL nalijua, maana nimelifundisha kama somo la hiari. Muhula uliopita mwanafunzi alinijia na kompyuta yake mikononi, uso umemshuka. Alikuwa anatafuta mstari unaopita karibu zaidi na nukta zake za data, programu ya Python ya mistari kumi na moja, na kioo kilikuwa kimetema hiki:

` On entry to DLASCL parameter number 4 had an illegal value`

"Mwalimu, huyu DLASCL ni nani? Mimi sijamwita."

Alidhani ni virusi. Namwelewa: hakuna mtu wa leo anayepiga kelele kwa herufi kubwa namna ile.

DLASCL ni utaratibu wa ndani wa LAPACK, maktaba ya hesabu za matriki iliyotoka mwaka 1992 ikiwa imeandikwa kwa Fortran, lugha nyingine kongwe. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ikiombwa kazi kama ile huikabidhi huko. Jina lina herufi sita kwa kuwa Fortran 77 haikuruhusu zaidi ya sita. D ni ya namba za usahihi maradufu, LA inaashiria utaratibu msaidizi, SCL ni kukuza au kupunguza kwa kipimo. Data yake ilikuwa na pengo mahali fulani, thamani isiyo namba ikapenya, na Fortran huko chini ikakataa kuipokea.

Tulilisaka pengo tukaliziba. Alipoondoka akaniuliza kama Fortran inafundishwa hapa. Nikamwambia iliondolewa kabla sijaajiriwa.

Nilijibu bila kuwaza lolote. Leo ndiyo nawaza.

## Faili tupu

Baada ya usiku wa nukta nilichukua mtaala wetu mpya, nikakaa nao jioni moja na kalamu. Nilikuwa natafuta jambo moja tu: ni wapi mwanafunzi wetu atakutana na programu ambayo hakuiandika mwenyewe?

Nilipitia mazoezi yote ya kuandika programu, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Andika programu itakayofanya hili. Tengeneza tovuti yenye hiki. Kila zoezi linaanza na faili tupu. Mengine ni mazuri sana, mawili nimeyatunga mimi na najivunia. Ila mtu anaweza kumaliza kwetu na alama za juu bila kuombwa hata siku moja asome kazi ya mtu aliyekwishaondoka.

Lile somo tulilolifuta lilikuwa na zoezi la mwisho. Unapewa programu ya mistari karibu 400, mwandishi hayupo, maelezo yake machache na mengine ya uongo. Ubadilishe kitu kimoja bila kuharibu vingine. Wanafunzi walilichukia. Mimi nilichukia kulisahihisha. Kwenye kikao hakuna aliyelitaja, na sasa naona tulikuwa na nusu saa nzima ya kulitaja, tukaipa projekta.

Kwa siku tatu niliandika barua ya kuomba somo lirudishwe. Ya nne nikaifuta.

Nilianza na hoja ambayo watetezi wote huanza nayo: Aprili 2020, Gavana Phil Murphy wa New Jersey alisimama mbele ya vyombo vya habari kuomba watu wanaojua COBOL wajitolee, wakati mfumo wa mafao ya wasio na kazi umezidiwa na maombi. Niliandika aya nzuri juu ya tukio hilo, kisha nikaisoma nikaona hainishawishi hata mimi. Mwenye mfumo anayengoja moto uwake ndipo aulize mafundi wako wapi, tatizo lake haliko kwenye mtaala wa chuo. Isitoshe sarufi ya COBOL si kitu. Kijana makini ataijua kwa wiki chache akiwa kazini, na kompaila ni bure: GnuCOBOL ipo miaka mingi, na mwaka 2025 GCC, mkusanyiko mwingine wa kompaila za bure, toleo la 15, nayo ikaipokea lugha hiyo.

Kwa hiyo niseme ukweli: kura ikirudiwa kesho, sijui. Pengine mkono ungenyooka tena, ila polepole.

Kinachonitesa ni vitu vilivyoondoka humohumo bila kutajwa. Chukua `PIC 9(5)V99`. Hapo, kabla hujaandika hesabu yoyote, COBOL imekulazimisha useme: tarakimu tano, kisha desimali mbili. Ile V ndiyo nukta ya desimali, na haichukui nafasi yoyote kwenye kumbukumbu. Ni makubaliano tu kwamba nukta iko hapo. Niliwahi kuidharau V hiyo kuliko kitu chochote kwenye lugha ile. Halafu kila muhula mwanafunzi mmoja wa Python huja kuniambia kompyuta imekosea: amejumlisha 0.1, moja baada ya nyingine, mara kumi, amepata 0.9999999999999999. Python ina moduli ya Decimal tangu 2004, dawa ipo. Lakini dawa huitafuti kabla hujajua unaumwa. COBOL ilikuwa inakuuliza mlangoni, siku ya kwanza, kwa ukali: pesa zako unazihesabu hadi wapi?

## Kwa mzee

Wiki iliyopita nilichapa ile mistari mitatu kwenye karatasi nikamfuata mzee ofisini. Sikuwa na ajenda. Labda nilitaka anisamehe, na kwa kuwa hatukuwahi kugombana sikujua pa kuanzia. Nikamwekea karatasi mezani.

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, kama zamani.

"IF SALIO chini ya sifuri. MOVE D TO HALI..." akanyamaza. Kidole kikagonga. "Nukta."

Sekunde kumi hazikufika.

"Umemwambia aiondoe?"

"Nimemwambia, Mwalimu."

"Imekaa hapo miaka mingapi?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza.

"Basi kuna mtu anaiegemea," akasema, akanirudishia karatasi.

Jioni ya siku ileile ujumbe ukaingia. Walikuwa wameiondoa nukta kwenye nakala ya majaribio, wakaendesha hesabu za mwezi mzima. Wateja wote wenye salio zuri walitoka na deni hasi, yaani shirika ndilo linalodaiwa nao. Kijana akachimba tena, akakuta programu nyingine inayoendeshwa usiku wa mwisho wa mwezi. Kazi yake ni moja: kumpunguzia ada kila mteja ambaye hana alama ya D. Mtu fulani, miaka fulani, aliona madeni ya ajabu, hakuiona nukta, au aliiona akaogopa kuigusa, akaandika programu nzima ya kufuta kosa kila mwezi. Hakuna mteja aliyewahi kudaiwa kimakosa. Kosa lilikuwa linaishi wiki nne, linafutwa, linazaliwa upya, na halikuonekana hadi kijana wa Python alipoombwa ripoti ya katikati ya mwezi.

Wameirudisha nukta. Juu ya sharti lile wameongeza mstari wa maelezo, nyota ikiwa kwenye safu ya 7 kama kadi zilivyotaka, na amenitumia picha yake:

```
      * USIONDOE NUKTA BAADA YA HALI. SOMA KWANZA KAZI YA MWISHO WA MWEZI.
```

Nimemwomba mzee wiki mbili za somo langu la data muhula ujao, awaletee wanafunzi programu ya mtu mwingine waisome. Mwenyekiti ameuliza itabeba alama ngapi, bado tunabishana. Mzee amekubali, kwa sharti kwamba programu zichapwe kwenye karatasi.

Nilimwonyesha na ile picha. Akaisogeza simu mbali na macho, akasoma mstari wote kwa sauti bila haraka, na alipofika mwisho akagonga meza.

"Nukta."